Mota ya Bibi na Fezi Moja Iliyokatika

Juzi nilipita mtaa mmoja wa Geita, nikasikia mashine ya kusaga inanguruma bila kuzunguka. Vijana wawili walikuwa wamezungusha kamba kwenye puli, wanataka kuivuta. Nikapaza sauti, "Zimeni! Mtaiunguza!" Mmoja akacheka. "Mama, nenda kauze maandazi yako." Nikaenda kweli, maana ndiyo kazi yangu mwaka huu; mwaka jana nilikuwa Kahama nikiuza mitumba. Lakini ngurumo ile ilinirudisha Shinyanga, kwenye banda la bibi yangu, miaka ya tisini.

Kama ungefika pale, rafiki yangu, ungepiga chafya kabla ya kusema hodi. Unga ulikaa kwenye kope, kwenye utando wa buibui, hata kwenye chai. Wanawake walipanga ndoo za mahindi na mtama, wakipeana habari za Kishapu na za machimboni. Kazi yangu ilikuwa kumimina nafaka na kufagia. Nyuma ya banda, juu ya nguzo mbili, transfoma iliimba mchana kutwa kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Fundi aliyesuka mota ya bibi, yaani kuifunga nyaya mpya za shaba ndani, alikuwa mzee aliyetoka kwenye kiwanda cha pamba kilichofungwa. Ndani ya transfoma, aliniambia, mna chuma kilichozungushiwa nyaya za aina mbili, na nyaya hizo hazigusani. "Jirani akipiga ngoma, sufuria za kwenu hazitikisiki? Nani kazigusa?" Umeme mkali unaingia kwenye mizunguko mingi, sumaku yake inatikisika ndani ya chuma, na mizunguko michache ya upande wa pili inautoa ukiwa umepungua, wa kufaa mashine.

Kuhusu mota, alinionyesha wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja. Mchi wa kwanza, wa pili, wa tatu; haigongani, na zamu inazunguka. Fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, hupokezana hivyo hivyo, sumaku ikazunguka, na chuma cha katikati, kisichofungwa waya wowote wa umeme, kikaikimbilia bila kuifikia kamwe.

"Mmoja akiondoka," alisema, "mota haijui ianzie wapi. Inanguruma tu. Ukiisukuma kwa mkono itazunguka, lakini wawili watafanya kazi ya watatu mpaka waungue. Usithubutu, mayu, mama yangu."

Nilithubutu. Jumamosi moja bibi alikwenda msibani, akaniachia banda. Fyuzi moja ikakatika kule kwenye nguzo, fezi moja ikapotea, mota ikabaki kunguruma. Wanawake wakaanza kunichokoza. "Mwenye mashine, au tusubiri mpaka tuzeeke hapa?" Nikashika mkanda, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Ikazunguka! Wakanipigia vigelegele, nami nikajiona fundi. Gunia la nne lilikuwa linakaribia kuisha moshi ulipotoka, na harufu ya vanishi ya nyaya iliyoungua ikashinda ya unga.

Bibi aliporudi nilimwambia, "Imekufa yenyewe."

Akamwita fundi, akamsimamisha mbele ya wateja. "Miezi miwili tu! Ulinisukia mota au kikapu?" Wateja wakaangua kicheko.

Fundi alichukua spana. Alilegeza bolti, akatoa kifuniko. Mafungu mawili ya nyaya yalikuwa meusi kama mkaa. La tatu liling'aa kama jipya. Mota iliyosukwa vibaya haiungui kwa mpango namna ile, na yeye aliyajua hayo kuliko sisi sote. Akaniangalia kwa muda mrefu, bila hasira. Alikuwa ananisubiri niseme. Nikainama, nikafagia mahali palipokwisha kuwa safi.

"Kosa langu, mama," akamwambia bibi. "Nitaisuka upya."

Aliisuka siku tatu, kwa shaba yake mwenyewe, wala hakuniita nimshikie koili. Lakini maneno ya bibi yalishatoka na kila ndoo ya unga mpaka sokoni, na wenye mashine wengine wakaacha kumwita. Mwaka haukuisha akafunga kibanda chake, akapanda lori la kwenda magharibi. Wengine walisema Ushirombo, wengine Geita.

Shule sikuimaliza, na bibi alizikwa akiamini kwamba mzee yule alikuwa tapeli. Miaka minane tulikunywa uji pamoja kila asubuhi, na kila asubuhi ningeweza kumwambia. Palipokuwa na banda sasa pana duka la simu.

Kila mji ninaofika natafuta wanaposuka mota, nasimama, naulizia mzee mmoja wa Shinyanga. Vijana wa siku hizi wana adabu. Wanaweka kazi chini na kuniuliza jina lake. Silijui. Tulimwita fundi tu.