Alhamisi Maji Yalipojaa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi huko Changamwe, Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki na kitabu cha sayansi, akanitaka nimalize silabasi kabla ya mtihani. Mengine, alisema, yatajipa. Nikachora mkoko ubaoni, na kaa kando yake. Mtoto mmoja akauliza kaa huyo ana ukubwa gani. Darasa zima halikujua, nao ni watoto wa madereva na wafanyakazi wa bandari ya Kipevu, bahari iko nyuma ya nyumba zao. Niliona uchungu, na tangu hapo nikaanza kuwatoa nje.

Nyinyi mnaosomea ualimu leo mna video. Sisi tulikuwa na tope, na tope lina utaratibu wake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na kwetu hutoka asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na saa nne ya asubuhi huyakuta yamejaa. Kwa hiyo somo langu lilifuata mwezi. Nilipohamishiwa Likoni, Mwalimu Mkuu wa huko, mtu aliyekulia pwani, hakuniuliza kitu. Tulikwenda pekupeku, na kanuni yangu ilikuwa moja: tazama kwanza, sema baadaye. Wazazi walilalamika kuwa sare zarudi na matope. Nilichoka kuwajibu.

Kisauni, upande wa Mtopanga, ndiko nilikomalizia kazi, na ndiko nilikoshindwa. Mwalimu Mkuu alitoka bara, mtu mwema mwenye kupenda mpango. Wiki hii mimi nataka Jumanne, wiki mbili baadaye nataka Ijumaa, na walimu wenzangu wananung'unika kwamba nawaharibia vipindi.

"Mwalimu Zuhura, shule haiwezi kuendeshwa na mwezi," aliniambia. "Nakupa Alhamisi. Nitakuja mwenyewe siku ya kwanza. Ikifaa itabaki, isipofaa tutaacha."

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya nane ya mwezi mwandamo, maji mafu matupu. Niliomba tusogeze kwa wiki moja, akasema ratiba imeshabandikwa. Tukaenda. Maji yalikuwa yamefika kwenye mashina, hakuna tope, hakuna kaa. Msichana mmoja, Rehema, akanivuta nguo. "Mwalimu, konokono washapanda." Kweli, konokono wa topeni hupanda mti kabla maji hayajawafikia. Sikumjibu, maana macho yangu yalikuwa kwa Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akitazama saa yake.

"Tumejaribu, Mwalimu," akasema kwa upole. "Tutumie ubao."

Nikautumia hadi nikastaafu. Sikugombana tena, nguvu zilikuwa zimeniishia, na kila mwaka nilichora mkoko uleule kwa watoto ambao hawajaushika.

Watu huniuliza konokono atamfaa nini mtoto ambaye kesho atatafuta kazi bandarini. Mimi huwajibu kwamba mtoto aliyezoea kutazama hadanganywi ovyo. Leo mikoko inafukiwa kwa kifusi ili watu wapate viwanja, na wapitao hawajui kinachozikwa pale, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha. Nasema hivyo kila mara, kisha najiona kama nasema peke yangu. Wallahi, kuna siku nilitamani ningefundisha hesabu tu.

Mwezi uliopita Rehema alinipigia simu. Siku hizi ni mwalimu katika shule ileile. Akaniamkia, nikamwitikia, akanieleza kwamba ameruhusiwa kuwapeleka watoto mikokoni, mara moja tu, Alhamisi. Nikahesabu mwezi. Roho ikaniuma.

"Mwanangu, hiyo ni maji mafu. Hutaliona tope. Waombe wakubadilishie siku."

"Najua, mwalimu, nimehesabu," akasema. "Siku ile ndipo nilipowaona konokono wamepanda. Sijawasahau mpaka leo. Nataka na hawa wawaone."

Magoti haya hayanisaidii tena, na mwendo wa kule si mfupi kwa mtu wa umri wangu. Nikamwuliza watatoka shuleni saa ngapi.