Jiwe Nililolinyanyua Igowole

Mwalimu wa sayansi alilifuta jina langu ubaoni kwa kiganja, akaandika la mtoto wa karani wa baraza, kisha akajipangusa chaki kwenye kaptura yake. "We rudi jikoni," akaniambia, "maharage yanaungua."

Nimeanzia hapo, ndugu yangu, maana hadi leo sijapasahau.

Ilikuwa Igowole, miaka ya hamsini, darasa la nne. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, vidole vinakufa ganzi. Kipindi cha sayansi kikifika, wavulana walibaki darasani, sisi wasichana watano tukaenda kuwapikia walimu. Wazazi walijua, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikaa chini ya dirisha na ungo wangu wa maharage, nikichambua huku nasikiliza.

Siku hiyo mwalimu aliwapeleka uwanjani. Palikuwa na jiwe kubwa, mti mrefu wa kulinyanyulia, na kijiwe cha kuuegemeza. Akasema atakayelinyanyua peke yake, jina lake litapelekwa kwa ajili ya darasa la tano. Nafasi ilikuwa moja tu. Wavulana wakaweka kijiwe katikati ya mti, wakaning'inia mmoja mmoja. Jiwe kimya. Nikacheka.

"Njoo basi wewe, mama maharage," akasema mtoto wa karani.

Nikaenda. Bibi yangu ndiye aliyenilea, na kila tulipofungua shamba la ulezi tuling'oa mawe pamoja. Alikuwa akinigombeza: "Kisogeze kijiwe karibu na jiwe, huku kwako kuwe kurefu. Unataka uvunjike mgongo hata hujaolewa?" Nikakisogeza, nikakandamiza. Jiwe likainuka, siafu wakatawanyika chini yake.

Tukarudi darasani, mwalimu akaandika jina langu. Akalitazama kitambo. Karani alikuwa akimletea ulanzi, ile pombe ya mianzi, kila Jumamosi, shule nzima tulijua.

"Huyu kabahatisha," akasema. "Mwanamume ndiye anayeelewa."

Ndipo akafuta. Shule yangu iliishia pale.

Bibi hayupo tena, na shamba lake la ulezi sasa ni misonobari mitupu. Lakini uchafu ule haujaondoka. Juzi tu, miaka hii ya themanini, kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu kijana alituambia wasichana wetu wanashindwa fizikia kwa sababu ya maumbile, na wazazi wakaitikia. Binti yangu alikuwa amekaa pale pale, ameinamisha kichwa.

Yule mwalimu wangu yu hai. Anaishi Mafinga, amestaafu, watu wanamwamkia kwa heshima. Basi aje. Asimame mbele ya binti yangu na wenzake, awaambie kwa kinywa chake nani alilinyanyua jiwe, na kwa nini alimfuta.