Vidonge vya Duka na Fangasi Tumboni Mwangu

Ndugu zangu mnaosafishwa damu kwa njia ya tumbo, mimi ni Mama Kulwa, mzaliwa wa Shinyanga. Nimeombwa niwasimulie yaliyonikuta. Mengine yananitia aibu, lakini nitayasema.

Kabla ya kuugua nilikuwa Geita na mume wangu. Nilifanya kazi ya kuosha mchanga wa dhahabu, nainama tangu asubuhi, na nilikuwa na nguvu. Kisha miguu ikavimba, mkojo ukapungua, kila nilichokula nikatapika. Hospitali wakasema presha imeua figo zote mbili. Wakaniwekea mpira tumboni. Mara nne kwa siku nilimwaga kwa mpira huo maji machafu ya tumboni, nikaingiza mapya ya kusafisha damu. Ilichosha, lakini nilikuwa kwangu, nawapikia mapacha wangu, Kulwa na Doto.

Nesi alinionya: "Maji yakichafuka, njoo siku hiyo hiyo na mfuko wenyewe uliomwagia maji. Usimeze dawa ya kuokoteza."

Asubuhi moja yakatoka kama maji ya kuoshea mchele. Nikamwonyesha mume wangu.

"Baba Kulwa, nipeleke hospitali."

"Kila siku hospitali! Leo mawe yangu ya dhahabu yanasagwa. Nitapita duka la dawa."

Akaleta vidonge vya rangi mbili. Siku ya tano maji yakaanza kung'aa, akasema, "Umeona?" Yakachafuka tena, akaleta vingine vikali zaidi. Nesi alishanikataza, na bado nikameza, maana niliogopa kelele za mume wangu kuliko tumbo langu. Hilo sijajisamehe.

Siku ya kumi tumbo lilikaza kama ubao. Homa ikanitetemesha, nikaharisha nikajichafua palepale nilipokaa. Maji yalitoka kidogo tu, yana nyuzi nyeupe. Mama yangu alipofika kutoka Shinyanga hakumsalimia hata mkwewe. "Ng'wanawane, mwanangu, nani kakuacha uoze hivi?" Akaita bajaji mwenyewe.

Daktari alipima maji, akarudi.

"Mama, hawa ni fangasi. Vile vidonge vya dukani huua bakteria tu, ndivyo vilivyowapa nafasi. Mpira lazima utoke leo."

"Nitarudishiwa lini?"

Akaniwekea mbele karatasi ya kukubali upasuaji. "Tukuokoe kwanza, mama."

Kitanda cha pili alilala fundi cherehani wa Isaka, ugonjwa wetu mmoja. Yeye aliambiwa hivyo hivyo, akasema anawasubiri shemeji zake wakubali atolewe mpira. Walifika siku ya tatu, wakakuta maiti. Mimi nilitia sahihi mwenyewe siku ile ile, mpira ukatolewa.

Wiki nyingi niliingiziwa dawa ya fangasi kwenye mshipa. Usaha ulitoka, nywele zikanyonyoka, nikabaki mifupa. Mume wangu alikuja mara moja tu. Nilimsikia akimwambia nesi, "Ni uzembe wake, hanawi mikono." Sasa anaishi na mwanamke mwingine.

Fangasi walikwisha. Lakini tumbo limeshikamana ndani, mpira hauwezi kurudi. Nasafishwa kwa mashine Mwanza, mara tatu kwa wiki, nimejibanza chumbani kwa dada yangu. Mapacha wako kwa bibi yao. Juzi kwenye simu Doto alisema, "Subiri nimwite mama." Alimaanisha bibi.

Watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Namshukuru Mungu, mama yangu, na yule daktari ambaye hakunidanganya. Lakini msiniombe nitabasamu.

Ninyi naweni mikono, vaeni barakoa, fungeni mlango mnapobadilisha maji. Mkipewa dawa yoyote, hata ya kikohozi, waulizeni kwanza wanaowatibu. Maji yakichafuka, chukueni mfuko mwende, hata kama hakuna wa kuwasindikiza. Asubuhi ile bodaboda zilipita mlangoni kwangu nyingi tu, nami nilikaa ndani kumsubiri mume wangu aniambie kama naumwa.