Namchagulia Binti Yangu Begi la Theluji, Hajui Kwamba Harudi

Admin, nifichie jina, mawifi zangu wa zamani wamo humu. Mie ni mama wa miaka 34, naishi Boko, nauza mabegi ya mtumba. Nina binti mmoja, ana miaka minane.

Mie na baba yake tuliachana mtoto akiwa anatambaa. Akaenda Ulaya, akaoa hukohuko. Mwaka huu akaomba mtoto akasome kwake. Nililia wiki nzima, mwisho nikasaini karatasi, maana nikimng'ang'ania kesho atanilaumu. Ila mtoto nilimwambia anaenda kutembea tu, likizo ikiisha anarudi. Ukweli ulinishinda kutamka.

Juzi baba yake akapiga simu. "Mtafutie begi la ski, shuleni kwao wanapelekwa kwenye theluji. Lisizidi mgongo wake."

Nikafungua belo, nikapata matatu, nikamwita ajaribu. La kwanza lilimfika makalioni. La pili mkanda ulimkata bega. La tatu, jekundu, likamkaa utadhani alishonewa yeye, lina mkanda wa kifuani na wa kiunoni, na pembeni vitanzi vya kubebea zile mbao za kutelezea. Nikaweka koti na chupa ya maji ndani aone uzito. Akarukaruka kibarazani, anacheka.

Halafu akasema, "Mama, tuchukue lile kubwa."

"Litakuzidi, mwanangu."

"Si mwakani hili litanibana?"

Nikaropoka, "Mwakani baba yako atakununulia lingine."

Akaacha kuruka. "Kwani mwakani ntakuwa kwa baba?"

Nikainama, nikajifanya narekebisha mkanda. Akalivua begi mwenyewe, akaliweka chini, akaingia ndani.

Hajaniuliza tena. Chakula anakigusa tu, na nikienda chooni ananisubiri mlangoni. Jana nimemsikia anamwambia mdogo wangu, "Mama mdogo, mama kachoka kukaa na mie."

Ndege ni Jumamosi. Nikimwambia ukweli, naogopa atagoma uwanjani na baba yake aseme nimemjaza maneno. Nikinyamaza, ataujua huko ugenini na mie sipo wa kumkumbatia. Kuna muda natamani nichane zile karatasi abaki, halafu najiuliza, hapo nitakuwa nampenda yeye au najipenda mie?

Wazazi wenzangu, nitukaneni baadaye, kwanza nielekezeni cha kufanya. Yupo hapa ubavuni kwangu, ananiuliza naandika nini.