Nilimwita Shoga Mbele ya Askari

Watu wa Ghubra, hapa Maskati, waliokuwa wakishona kwangu miaka ya tisini bado wanamkumbuka fundi wangu. Wakinikuta harusini au msibani huniuliza, "Yule fundi wako yuko wapi siku hizi?" Nnawajibu karudi kwao. Ni kweli, lakini kweli nusu.

Mimi nimetoka Unguja sina baba wala cheti. Chuoni nilihitimu Kurani, skuli niliiacha darasa la tatu. Maskati nilianza kwa kushona foronya chumbani kwa shangazi yangu, na mpaka nafungua duka la pili hakuna mwanamme aliyenishika mkono. Majivuno ninayo, sikatai. Nnayataja mapema kwa sababu ndiyo yaliyofanya kazi siku ile.

Fundi alikuja Omani kutoka Unguja kwa viza yangu. Mimi ndiye kafili wake, maana yake kukaa kwake nchini kulitegemea jina langu. Alikuwa mwembamba, sauti laini, anatembea kwa madaha, na siku za harusi hujipaka wanja. Watu walimsema. Mimi sikumuuliza anapenda nini. Nilimuuliza anajua kudarizi, akanionesha kazi yake, nikamwajiri.

Alikuwa hampimi mwanamke kwa futi. Mwanamke alijifunga khanga, akasimama mbali naye, akageuka mara moja. Basi. Fundi alishachukua kila kitu kwa jicho, na ile nguo ya kijani ya bibi harusi ikitoka imemkaa kama kazaliwa nayo. Mama mmoja alikuja juu siku moja: "Fundi, nguo imembana mwanangu! Mtoto anaonekana kanona."

"Bi mkubwa," akamjibu huku anavuta uzi, "nguo haijambana. Mwanao ndiye aliyeibana nguo. Tangu posa mmemlisha nini?"

Mama yule alicheka mpaka akakaa chini, akaagiza nyengine mbili.

Sisi wanawake wa Unguja, shoga ni rafiki yako mwanamke, wa kumpa siri zako. Likisemwa juu ya mwanamme neno hilo ni jengine, tena ni tusi. Yeye alikuwa anakaa na sisi, anakula na sisi, siri zetu zote anazo. Siku moja nilimlalamikia fundi juu ya mwanangu wa kiume kutwa nzima, mwisho akanambia, "Shoga, huyo mwozeshe, utapumzika." Nikacheka. Toka siku hiyo mimi shoga yake, yeye shoga yangu. Dukani halikuwa tusi hata kidogo.

Sasa ikawa Ijumaa moja, baada ya sala, mji umelala kwa joto. Fundi alitoka kupeleka nguo nyumba ya pili. Vijana watatu wa mtaa, ambao kila siku wakimpigia kelele "khanithi", ndiyo shoga ya tusi kwa Kiarabu, kutoka garini, walimbana ukutani wakampiga. Wakachukua simu yake na pete yake, na ile nguo wakaikanyaga. Nilimkuta kakaa kwenye kizingiti cha duka, jicho limefumba, jino halipo.

"Shoga," akanambia, "nguo wameichafua."

"Wacha nguo! Unawajua?"

"Nnawajua. Mmoja mama yake anashona hapa."

"Inuka twende polisi."

Akanishika buibui. "Usinipeleke. Mimi wakinitazama tu nshakuwa na kosa."

"Kafili wako mimi," nikamwambia. "Nani atakugusa?"

Nilimkokota. Kituo sitokitaja. Walipoona damu walimpeleka hospitali, mimi nikabakishwa nitoe maelezo. Askari alikuwa kijana, mtu wa kwetu kwa upande wa baba. Aliposikia Kiarabu changu akatabasamu, akaniita khala, kama mama yake mdogo.

"Khala, tusemeni Kiswahili, mimi ntaandika Kiarabu. Huyu ni nani kwako?"

"Mfanyakazi wangu. Tena ni shoga yangu."

Kalamu ikasimama. "Nani yako?"

"Shoga yangu. Mwaka wa nane huu."

"Kwa hivyo unamjua vyema."

"Nnamjua kama nnavyoijua mikono yangu. Na duka zima linajua."

Aliandika kwa muda mrefu. Mimi nilidhani anaandika habari za wale vijana na pete. Kisha akanigeuzia karatasi. "Soma, khala, utie saini."

Kurani nnaisoma, imepigwa chapa na ina irabu zake. Maandishi ya mkono ya afisini, yasiyo na irabu, kwangu ni sisimizi tu. Nilivaa miwani. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo inacheza, mahala pamoja nikakunja uso kama nimeona la kuuliza. Kisha nikatia saini. Jina langu nnaliandika vizuri, nililisomea madarasa ya watu wazima.

Jumamosi nilipeleka uji hospitali nikakuta kitanda kitupu. Nikenda kituoni. Yule kijana hakuniangalia usoni.

"Khala, yuko mahabusu."

"Kwa kosa gani? Si yeye aliyepigwa?"

"Wale vijana wamesema aliwataka. Na wewe kafili wake umeshuhudia ni khanithi, miaka minane unajua, na duka zima linajua. Yako na yao yamekubaliana."

"Mimi nimesema shoga! Rafiki! Mama zako hawaitani mashoga?"

"Mama yangu Mwarabu wa Nizwa, khala. Kiswahili changu nimekipata kwa ami zangu barazani. Na barazani shoga ni kitu kimoja tu."

Kijana yule hakuwa mbaya. Aliinama, akasema polepole, "Mimi nilikuona unasoma. Kama hukusoma, kama hujui kusoma, niambie sasa hivi. Nitamwita mkubwa wangu, karatasi hii tutaibatilisha tuandike nyengine. Faili bado lipo hapa."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi alikuwa amekaa mfanyabiashara mmoja ambaye wiki ileile nilimkatalia ushirika, nikamwambia mbele za watu kwamba mimi sihitaji mwanamme wa kunisomea dunia. Alikuwa ameshusha gazeti, anasikiliza.

Nikasema, "Nnajua kusoma."

Nimezika mama na mume, na neno hilo bado ndilo zito kuliko yote niliyowahi kuyatoa kinywani.

Siku tatu sikula. Siku ya nne nilirudi, na sasa benchi limejaa. Nikasimama katikati nikasema kwa sauti, "Mimi sijui kusoma mkono wa Kiarabu. Karatasi ile sikuisoma." Mtu mmoja akacheka. Kijana akaniambia faili limeshapelekwa juu, na juu hawataki maelezo ya tatu. Wataka arudishwe kwao.

Walinipa dakika chache nionane naye. Uvimbe ulikuwa umeshuka, wamemnyoa nywele.

"Uliwaambia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia yote, mpaka miwani.

Alicheka, pengo likaonekana. "Umeniita shoga mbele ya askari? Weye mwanamke una wazimu."

"Nisamehe."

"Neno si kitu, ningelikana. Lakini ulipoambiwa sema hujui kusoma, ulikataa kwa ajili ya nani?"

Akasema, "Mimi nnajua hujui. Tangu mwezi wa kwanza. Unadhani kwa nini barua zote zikija nnazisoma kwa sauti, nnajifanya naongea peke yangu?"

Hapo ndipo nilipolia, na yeye hakunibembeleza.

Ikabaki karatasi ya kufuta viza, na lazima aitie saini kafili. Bila ya hiyo angelikaa ndani, hakuna ajuaye mpaka lini. Safari hii nilimwambia karani, "Nisomee." Akasoma haraka haraka. "Nisomee tena, kama unamsomea mjinga." Akasoma neno kwa neno, watu wanangojea nyuma yangu. Nikasikia jina lake, jina langu, na kwamba mimi sina haja naye tena. "Hilo la mwisho si kweli," nikasema. Akanambia ndivyo fomu ilivyo. Nikatia saini.

Gazeti lilitoa mistari miwili, binti yangu akanisomea: mtu mmoja kutoka nje kafukuzwa nchini kwa mambo ya kukiuka adabu. Ukuta, pete na jino havikutajwa. Vijana watatu hawakuulizwa tena, maana wa kuwashitaki ameshapandishwa ndege. Mama wa yule mmoja alikuja na kitambaa kabla ya Idi. Nikamwambia, "Kitambaa chako kizuri, kipeleke kwengine." Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kamuulize mwanao. Alinitukana mpaka alipofika garini, na wateja wengi wa mtaa ule wakamfuata yeye.

Fundi alinipigia simu mara moja kutoka Unguja. Kaka zake hawakumfungulia mlango, walishasikia kafukuzwa kwa nini. Alikuwa kwa mtu, hakunambia nani. Nikamwambia ntakupelekea cherehani. Akasema, "Ilete, shoga, mikono inanuka uvivu." Niliipakia kwenye mzigo wa jamaa mmoja aliyekuwa anakwenda. Jamaa aliporudi akanambia nyumba niliyomwelekeza watu wamesema hawamjui, na simu haikupokelewa, kwa hivyo cherehani kaiacha kwa dada yake yeye jamaa, Kikwajuni. Ukapita mwaka. Nikapiga simu kwa huyo dada kuuliza kama kuna mtu kaifuata. Akanambia hapana, lakini nisiwe na wasiwasi, cherehani ni nzima, binti zake wanajifunzia.