Kiti Chenye Maua

Jumamosi basi langu liliharibika Kahama, nikaingia banda la mpira kupoteza muda. Benchi letu lilibeba watu saba. Mechi ilikuwa haijaanza, na vijana walikuwa wanabishana: mtu akipata dhahabu, aende kuona uwanja gani duniani? Mmoja akachagua Hispania, mwingine Brazili.

Pembeni yangu alikaa mzee mchimbaji, vumbi jekundu limeganda kwenye viatu vyake.

"Shikamoo mzee. Wewe ungeenda upi?"

"Marahaba. Huo hapo," akaonyesha televisheni kwa kidevu.

Ulikuwa uwanja wa kawaida tu wa Uingereza. Kamera ilikuwa imetua kwenye kiti kitupu kilichowekewa maua na skafu. Mtangazaji alisema shabiki aliyekikalia miaka yote alifariki wiki ile.

"Sasa pale kuna nini cha kuona?" kijana akacheka.

"Watu wamejaa, na hakuna aliyeikalia nafasi yake," mzee akasema taratibu. "Mimi machimbo nimezunguka mpaka nimezeeka. Nikihama asubuhi, mchana kitanda changu kina mtu."

Vijana wakarudi kwenye ubishi wao. Ilipofika mapumziko, mzee akainuka kuwahi gari la Buseresere. Alituaga, sikumbuki kama kuna aliyeitikia. Hata jina hatukumuuliza, na mimi kuuliza ndiyo kazi yangu.

Kabla hajafika mlangoni, benchi lilikuwa limeshajaa tena. Wa kwanza kusogea nilikuwa mimi.