Siku nilimuita yaya wangu mwizi

Hii habari, mujinga ndani yake ni miye. Nasema mapema, musipoteze muda kumutafuta.

Yaya wangu, kaka yangu mukubwa, ana ugonjwa ya skizofrenia. Anasikia sauti zenye sisi hatusikie, lakini siyo hizo zilituletea damu. Alikaa nyumbani mwaka muzima, mpaka kapita, musimamizi wa kinu ya mupunga hapa Bugarama, akakubali afanye kazi na siye ku kiwanja ya kuanika. Kapita akaniambia: "Wewe utamuchunga. Akipigana mara moya tu, anaenda."

Ku kile kiwanja, jua inachoma, unageuza mupunga na reki ya mbao tangu asubuhi. Bila kutaniana utaanguka. Mchezo yetu kubwa: muntu akitoka kula, tunamupapasa mifuko. "Mwizi huyu, mupunga iko mu suruali." Anajibu, "Tafuta vizuri, utapata mukia." Tunacheka, kazi inaendelea.

Yaya, hakuna mwenye alikuwa anamutania. Nikaona anabaki peke yake kama jiwe. Nikasema leo nimuingize mu bantu. Nikamushika mufuko: "Bandugu, mwizi tumemupata, na ni wa kwetu."

Bote bakacheka. Yaya akaangalia meno yetu, moya moya, kama muntu mwenye kuhesabu mbwa. Halafu reki ikaniangukia mu uso.

Nilisikia pua inavunjika mbele ya kusikia maumivu. Akapiga bega, akapiga mukono, anasema polepole, "Miye si mwizi. Miye si mwizi."

Banaume bane bakamurukia. Moya na kipande ya tofali ku kichwa, bengine na mateke ku mbavu. Damu ikaloanisha mupunga. Nikalala juu yake. "Miye ndiye nilianza, munipige miye." Bakanipiga kweli. Bantu ba kwetu basikiaka haraka bakiombwa vile. Jino zangu mbili za mbele zikabaki pale.

Kapita akafika, akamuonyesha yaya barabara na kidole.

Ku kituo cha afya, maman muganga alikuwa anamushona kichwa, akaniambia: "Ubongo yako inasoma sura ya muntu mbio: huyu anacheka na miye, huyu ananicheka. Ubongo yake, hiyo kazi inamushinda. Anaona meno, anasikia mwizi, inaishia hapo. Dawa inanyamazisha sauti, lakini hiyo haimufundishe."

Kesho yake nikaenda kwa kapita na uso umevimba kama mukate. Nikamueleza yote.

"Basi mwenye kuharibu kazi yangu ni wewe," akasema. Akamurudisha yaya, akanifukuza miye.

Yaya akachukua reki yake, akaniangalia mudomo sana.

"Siku ingine, uniambie mbele kama ni mchezo," akasema. "Meno yenu yote inafanana. Yako tu ndiyo nitatambua sasa, juu ya ile pengo."